Mama lishe wapatiwe maji kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie taarifa mliyoichapisha kuhusu usafi wa vibanda vya mama lishe jijini Dar es Salaam. Anayetaka kulifahamu jiji hili kwa mlo wake hana budi kukaa kwenye mabenchi ya Kariakoo, Buguruni na Feri, ambako wali maharage, chapati na ugali kwa dagaa hupatikana kwa bei anayoimudu kuli, fundi na hata karani wa benki (ingawa huyu wa mwisho hupenda kula akiipa mgongo barabara).

Hata hivyo, kipindupindu kinapozuka, kama ilivyokuwa mwaka 2015, mama lishe huwa wa kwanza kunyooshewa kidole, ilhali wengi wao hununua maji kwa madumu na kuoshea sahani za mchana kutwa katika beseni moja au mawili, kwa kuwa hapana bomba wala mfereji wa maji machafu karibu yao. Napendekeza halmashauri zitumie sehemu ya ushuru wa masoko kujenga mabomba na makaro ya pamoja penye vibanda vingi, ndipo maofisa wa afya waanze ukaguzi.

Mkazi wa Ilala,
Dar es Salaam