Barua ya wazi kwa walimu tarajali wa Mtwara na Lindi

Wanangu mlioko vyuoni Mtwara, Kitangali na Nachingwea, salaam.

Nawaandikia kabla hamjatawanyika kwenda mazoezi ya kufundisha. Wengi wenu mnaichukulia falsafa ya elimu kama kipindi cha kukariri Socrates, Dewey na Nyerere, mtihani ukiisha daftari linafungwa. Hilo linaniuma, kwa sababu najua mnakokwenda.

Andalio la somo litakuonyesha namna ya kugawa dakika za kipindi. Halitakuambia umfanyeje mtoto aliyetoweka msimu wa korosho, akarudi Desemba mikono imebabuka kwa utomvu. Mama yake alimhitaji, na sare aliyovaa imetokana na korosho hizo hizo. Je, huyo ni mtoro? Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Zimeweka kikomo tu. Kama kuna haki ya kumchapa huyu, hilo utalipima mwenyewe, na ukijibu haraka kwamba utaratibu ni utaratibu, umeshachagua falsafa bila kuikagua.

Someni upya andiko la Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, safari hii bila kuwazia mtihani. Machi 1967 Nyerere, aliyewahi kufundisha Tabora na Pugu, aliuliza shule ni ya nini katika nchi ya wakulima. Alitaka shule ya msingi ijitosheleze, isiwe ngazi tu ya kwenda sekondari, ambako wachache ndio waliofika. Alitaka shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kuamua mambo yake.

Sasa tazameni jembe limekuwa nini katika shule nyingi: adhabu ya wachelewaji! Mtoto wa mkulima akilimishwa kwa kosa, anajifunza kwamba kazi ya baba yake ni fedheha. Somo hilo halimo kwenye muhtasari wowote, lakini linaingia kuliko hesabu. Ilhali mikorosho michache ya shule ingetosha kuwafundisha kupima kilo, kufuatilia bei ya mnada, kuuliza kwa nini korosho zetu nyingi husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na kukubaliana wenyewe fedha zinunue nini. Jembe ni lile lile. Kinachotofautiana ni mwalimu anayejua kwa nini amewatoa watoto darasani kwenda shambani.

Wazee wetu wa jando na unyago walijua wanataka kumlea mtu wa namna gani kabla hawajaanza kumfundisha. Siyakubali yote waliyofundisha, hasa yale yanayomfanya binti aone shule haimhusu tena. Lakini kila wimbo ulikuwa na sababu yake.

Basi huko mazoezini, kila jioni andika jambo moja uliloamua darasani na sababu yake. Ukikosa sababu, acha nafasi wazi, umwulize mwalimu mwenyeji kesho yake.

Nanyi wakufunzi, nawasihi: wakirudi na madaftari hayo, wapeni vipindi vya kubishana kwayo, hata kama mada za muhtasari hazijaisha.

Mwalimu mstaafu,
Masasi