Saidi, mtumie Nassoro yenye diski

Kwa ndugu yangu Saidi,

Assalaam aleikum. Huku Tanga hatujambo. Mzee wako goti limepungua, Ijumaa alikwenda msikitini kwa miguu yake bila mkongojo. Shemeji alinipa ujumbe wako juu ya zawadi ya Nassoro: unataka kujua umtumie PS5, ile mashine ya gemu ya Sony, yenye diski au ile isiyo na diski, ya kupakua kila kitu mtandaoni, kwa kuwa madukani Maskati umeona isiyo na diski ni nafuu na unaona bora hizo riali zibaki mfukoni. Swali lako ni fupi lakini nitalijibu kwa urefu, maana jambo hili limenikaa rohoni muda sasa, na tangu uondoke sina mtu wa kulizungumza naye vizuri.

Mtumie yenye diski. Wakikwambia kisomeo cha diski kinauzwa peke yake na kinapachikwa baadaye, sawa, lakini kipachike hukohuko kabla hujafunga boksi, kwa sababu mara ya kwanza mashine inataka intaneti ndipo ikikubali. Usimwachie mtoto kazi hiyo huku kwenye bando.

Sababu yangu ya kwanza iko hapa Ngamiani, unaijua. Banda la gemu bado lipo, na ile PS3 bado inapiga PES 2013, gemu ya mpira ya Konami. Jana nilisimama mlangoni nikamtazama kijana anayesimamia: picha iliganda katikati ya mechi, akaitoa diski, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa pindo la fulana kuanzia katikati kwenda nje, taratibu, mara mbili, akairudisha. Mechi ikaanza upya na kelele zikaanza upya, aliyefungwa anatoka, mbabe anabaki. Hakuna aliyemwomba nywila. Hakuna ujumbe wa kusema subiri tuhakikishe akaunti yako. Umeme ukiwepo, mpira upo, na gemu yenyewe ilitoka mwaka 2012!

Sasa angalia kampuni zilichokifanya baada ya hapo. Konami mwaka 2021 waliifuta PES kwa jina na kwa mfumo, wakaleta eFootball ya bure ya kuchezea mtandaoni, nayo ilitoka ikiwa mbovu kiasi kwamba kampuni yenyewe iliomba radhi. EA nao, kampuni ya gemu ya mpira ya FIFA, walipoachana na jina hilo na kuanza kuita gemu yao EA Sports FC mwaka 2023, waliyaondoa matoleo ya zamani ya FIFA kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyekwisha kununua aliendelea nayo, ila wewe ukiitaka FIFA 19 leo huipati huko hata ukiwa na hela mkononi. Kwa mwenye diski ya FIFA 19 hapa Tanga, hakuna kilichobadilika. Anaweza kuicheza, kuiazima, kuiuza.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba diski peke yake ni kinga. Iko gemu ya magari inaitwa The Crew, ya Ubisoft, iliyotengenezwa na studio ya Ivory Tower ya Lyon na kutoka Desemba 2014. Waliikunja Marekani nzima ndani yake: unaondoka New York unaendesha mpaka Los Angeles, unapita jangwani, unapita kwenye theluji, hakuna anayekusimamisha. Ungeweza kuicheza peke yako mwanzo hadi mwisho, ila hata ukiwa peke yako ilidai kuunganishwa na seva za kampuni. Desemba 2023 wakaitoa sokoni, na Machi 31, 2024 wakazima seva. Ikafa kila mahali kwa pamoja, kwa mwenye diski na asiye na diski. Kisha watu wakaanza kuona leseni zao zimeondolewa hata kwenye akaunti. Saidi, kiwanda cha baiskeli kikifungwa, hakuna mtu anayekuja usiku kuchukua baiskeli uliyoinunua. Hili linaniumiza kweli, na sioni kwa nini tulizoee.

Kilichonipa moyo ni kwamba wapo walioamua kutonyamaza. Mmarekani mmoja mwenye chaneli ya YouTube, Ross Scott, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games Aprili 2024 kwa sababu ya The Crew hiyohiyo. Anachodai ni kidogo na ni cha haki: hasemi seva ziwashwe milele, anasema kampuni ikichoka, iiache gemu katika hali ambayo aliyeinunua anaweza kuendelea kuicheza. Ombi lililopelekwa kwa Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni 1 Julai 2025. Na unaona matokeo: Ubisoft mwaka huohuo waliiwekea The Crew 2 njia ya kuchezwa bila mtandao. Kwa hiyo walikuwa wanaweza. Huko California nako, tangu Januari 2025 sheria inamtaka muuzaji wa mtandaoni amweleze mnunuzi wazi kwamba anachopewa ni leseni. Sisi wa huku hatukuwa na haki ya kutia sahihi ile ya Ulaya, lakini gemu inaundwa mara moja kwa dunia nzima. Wakiibana kampuni Brussels, nafuu inafika mpaka Ngamiani.

Jambo la pili, ambalo wewe wa Maskati huenda hulioni: Oman imo kwenye orodha ya nchi zenye PlayStation Network (PSN), ile huduma ya mtandaoni ya Sony, Tanzania haimo. Kenya haimo. Kusini mwa Sahara ukiitoa Afrika Kusini huna pa kugusa. Ndiyo maana vijana wengi hapa wanafungua akaunti za Marekani au Uingereza, wanaandika anwani za mitaa ambayo hawajawahi kuiona. Wakati wa Helldivers 2 tulionja ladha yake. Gemu ilitoka Februari 2024, ya studio ya Arrowhead ya Sweden, watu wakaipenda sana. Mei Sony wakatangaza kwamba hata anayechezea kompyuta lazima awe na akaunti ya PSN, na gemu ikaondolewa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN, yetu ikiwemo. Wachezaji wakaijaza Steam maoni ya hasira, na ndani ya siku chache Sony wakalegeza kamba kuhusu akaunti, ingawa kurudi kuuzwa katika nchi zetu hakukufuata papo hapo. Nilifurahi kuona Wamarekani na Wajerumani ambao hawakuguswa wanapiga kelele kwa ajili ya wasiohusika na nchi zao. Haitokei kila siku.

Kwa hiyo akaunti ifungue wewe, ya Oman, kwa jina lako, na Nassoro umweke chini yako kama mtoto. Kumbuka tu kadi za kuongeza salio zinafuata nchi ya akaunti: kadi ya Marekani haitaingia kwenye akaunti ya Oman. Utanunua hukohuko umtumie namba kwa WhatsApp.

Tukirudi kwenye diski, chagua. Siku hizi wapo wanaokuuzia boksi tupu. Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022, diski yake ya PS5 ilikuwa na megabaiti zipatazo 70 tu, gemu yote iliyobaki, makumi ya gigabaiti, unaipakua. Piga hesabu ya bando mwenyewe. Nintendo nao kwenye Switch 2, iliyotoka Juni 2025 kwa dola 449.99, wana gemu ambazo kikadi chake kimebeba ufunguo peke yake. Unakichomeka, kinakwambia kapakue. Na hapo Mario Kart World ya kupakua ilitoka kwa dola 79.99. Wanaposema bei imepanda kwa sababu gharama za kutengeneza zimepanda nawaelewa. Ila nilipe zaidi na nipewe pungufu, hapo hatuelewani.

Uliuliza pia habari za EA. Ndiyo, ni kweli, Septemba 2025 walitangaza kuuzwa kwa dola bilioni 55, kwa mfuko wa serikali ya Saudi Arabia na kampuni za uwekezaji za Silver Lake na Affinity Partners, na bilioni 20 katika hizo ni za mkopo. Mkopo huo hautalipwa na upepo. Ninavyoona mimi utatoka kwenye zile pakiti za wachezaji za Ultimate Team, zinazouzwa ndani ya gemu yao ya mpira, yaani kwa wadogo zetu. Msimwekee Nassoro kadi ya benki kwenye hiyo mashine, tafadhali. Na nimekuwa mwoga wa manunuzi makubwa tangu Microsoft walipoichukua Activision Blizzard, wenye Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7 Oktoba 2023. Januari iliyofuata watu 1,900 wakapoteza kazi. Mei wakafunga studio kadhaa, mojawapo Tango Gameworks ya Tokyo, waliotengeneza Hi-Fi Rush, gemu niliyoipenda kuliko zote za mwaka 2023: kila pigo, kila hatua, hata mapipa ya barabarani yanakwenda na mdundo wa muziki. Walifanya kazi nzuri, wakasifiwa, wakafungiwa. Krafton wa Korea waliiokoa studio Agosti, namshukuru Mungu, lakini mtengenezaji mwingine akiona hivyo atakuwa na hamu gani ya kujaribu kitu kipya?

GTA VI usimwahidi mtoto. Kwanza si ya umri wake. Pili ilisogezwa mpaka Mei 26, 2026, kisha ikasogezwa tena mpaka Novemba 19.

Nisikujaze uchungu mtupu, kwa sababu gemu zenyewe hazijawahi kunipa raha kama miaka hii miwili. Septemba 4, 2025 ilitoka Hollow Knight: Silksong, kazi ya Team Cherry, watu wachache kabisa wa Adelaide, Australia, waliokaa nayo miaka. Bei dola 20. Maduka makubwa ya mtandaoni yalizidiwa siku hiyo kwa wingi wa wanunuzi. Nimeicheza usiku baada ya usiku. Ngumu, lakini haikuonei. Ukifa unajua ulikosea wapi. Unaweza pia kuinunua kwenye duka la mtandaoni la GOG, ukapakua faili lake, ukaliweka kwenye flashi, na likawa lako kweli, bila kumwomba mtu ruhusa. Clair Obscur: Expedition 33 nayo, ya Wafaransa wa Montpellier, ilibeba tuzo ya gemu bora ya mwaka 2025 mbele ya kampuni zenye fedha mara nyingi zaidi yao. Na Balatro, ya karata, ya Mkanada mmoja aliyejificha nyuma ya jina la LocalThunk, iweke kwenye simu yako. Kwenye foleni za kazini huko haihitaji hata mtandao. Watu hawa hawakuniuzia pakiti, hawakunidai akaunti, walinipa gemu iliyokamilika.

Kwa Nassoro anza na Astro Bot. Ilishinda gemu bora ya 2024, inafaa kwa umri wake, haihitaji intaneti kuchezwa, na padi inavyotetemeka kufuata anapokanyaga, mchanga tofauti na bati tofauti na maji, hata mama yake ataomba kushika. Ya pili iwe ya mpira, hapo huna ujanja, ila tafuta ya mwaka jana iliyotumika. Bei itakuwa nusu na jezi zinatofautiana kidogo tu. Padi chukua mbili.

Mzigo ukiondoka niandikie jina la wakala na siku, nitaupokea mwenyewe Dar nipande nao basi. Sijamwambia Nassoro chochote, na shemeji ameahidi kunyamaza. Nisalimie Khamisi na jamaa wote wa Tanga walioko huko.

Ndugu yako,
Rajabu