Somo, Shaaban Ijayo Tukutane Mombasa

Langoni, Lamu

Somo yangu mpenzi,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo sote, Alhamdulillah. Bimkubwa wangu anakusalimu na kila siku ananiuliza utakuja lini. Ramadhani imetuingia na jua la kaskazi, mchana koo hukauka mapema, lakini jioni pale gatini kuna upepo wa kutosha kumpumzisha mtu mpaka adhana ya magharibi.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Umesema vitu vyote vya mfungo umevinunua huko Nairobi katika duka moja la ghorofa, nusu saa kazi imekwisha, umelipa kwa simu ukarudi zako nyumbani. Nashukuru hukuchoka. Lakini somo, Shaaban imekupita bila ya vunja jungu, ule ulaji wetu wa siku za mwisho kabla ya mfungo, na hilo limenihuzunisha kwa ajili yako, kwa sababu najua ulivyokuwa ukiipenda. Mimi nilishuka Mombasa wiki ya mwisho ya Shaaban. Nataka nikueleze nilivyokula na nilivyonunua, yote kwa pamoja, maana kwangu hayatengani: siku niliipanga kwa milo, maduka yakafuata.

Njia unaijua, sina haja ya kuirefusha. Boti mpaka Mokowe, basi, Witu, Garsen, Malindi, daraja la Kilifi, jioni uko mjini. Ile barabara ya vumbi na matope uliyoizoea sasa ni lami. Mkobani nilikuwa na kofia tulizozishona nyumbani, mimi, bimkubwa na wifi yangu. Shaaban ndio wakati wake: kila mwanamume ataka kofia mpya ya tarawehe na ya sikukuu, na kofia ya mkono ya Lamu bado inaheshimiwa Mombasa hata kama za mashine zimejaa kila kibanda. Mtu tunayemuuzia alizitazama mojamoja juani, akazigeuza ndani nje, akalipa vizuri. Kwa hivyo kila nilichokula na kila nilichonunua kilitoka sindanoni, na raha ya kutumia chako unaijua.

Asubuhi tulianzia Mji wa Kale, mimi na binamu yangu wa Kibokoni. Mahamri ya moto, mbaazi za nazi, chai ya maziwa yenye iliki. Hamri unalipasua litoe mvuke, unachotea mbaazi, na lile tui zito lililotulia juu unaliweka la mwisho. Mbaazi nzuri utazijua kwa tui: liwe la nazi iliyokunwa asubuhi hiyo hiyo, si la kopo. Pale hapana karatasi ya bei wala kitambaa cha meza. Kuna benchi, kuna sufuria zilizofunikwa, na kuna mama ambaye ukija mara ya pili anakumbuka chai yako unaipenda na sukari ngapi. Na habari za soko hupatikana hapo hapo kwenye benchi. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa chungu kando yetu ndiye aliyetuambia tende nzuri ziko upande gani wa soko la Marikiti, na mchele gani tuuepuke. Katika ile nusu saa yako ya dukani, nani angekwambia hayo?

Marikiti tuliingia jua halijapanda. Jengo lile limesimama tangu 1914, na ukifika Shaaban halitoshi. Biashara humwagika nje, ikashika Langoni Road na vichochoro vyote vya viungo. Makuli wanapiga kelele wapishwe, mikokoteni ya vitunguu inakugusa buibui, harufu ya mdalasini na ya samaki mkavu zinakujia kwa zamu. Mimi napapenda hivyo hivyo palivyo.

Tende ndizo zilizonikalisha. Kuna za furushi, nyeusi, zilizoshindiliwa pamoja mpaka zikawa donge, hizo ni za kugawa msikitini na za kupikia. Kuna za maboksi, za Saudia, za Imarati, za Tunisia. Halafu kuna ajwa za Madina, ndogo, nyeusi, bei yake juu, ambazo mtu hununua kidogo kwa ajili ya wazee. Muuzaji anakuonjesha. Onja, somo, usione haya. Tende nzuri ngozi yake imeshikana na nyama yake, haina uchachu puani, na ukiipasua ndani iwe safi. Ukiona vumbi ujue mdudu alishapita. Nilionja mpaka binamu yangu akaanza kutazama saa, lakini nilizozipata bimkubwa amezisifu, naye si mtu wa kusifu ovyo.

Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba zamani tende zilikuja na upepo. Majahazi ya Arabuni na ya Ghuba yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na mazulia, yakakaa bandarini yakingoja kusi, yakarudi na boriti za mikoko yetu ya Lamu. Basi mtu alikula tende kwa msimu wa bahari. Sasa zinakuja kwa makontena, zinateremshwa Kilindini wakati wowote, na msimu wake umekuwa ni mfungo wenyewe, popote utakapoangukia. Na mfungo hausimami mahali pamoja. Kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka huu tumewahi embe za mwishomwisho, ngowe na boribo, tamu lakini chache. Miaka inayokuja Ramadhani itazidi kuingia ndani ya msimu wenyewe wa embe, inshallah tukijaaliwa uhai. Ngowe iliyoivia mtini, mezani, wakati wa futari! Hayo nimeyawaza njia nzima nikirudi.

Viungo nilivimaliza haraka kwa sababu nina mtu wangu wa miaka. Uzile, pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu. Uzile nilichukua mzima nije niusage mwenyewe. Wa kusagwa hujui umechanganywa na nini. Ngano ya shurba, tambi, sago, ukwaju, basi.

Adhuhuri tukakimbilia Biashara Street, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu mpango huu unafaa. Leso uzinunue kabla ya chakula cha mchana, uwaachie mafundi wazipinde wakati wewe unakula. Wamekaa na cherehani zao pale pale barazani mwa maduka, na pindo mbili haziwachukui muda. Tuliingia kwa Kaderdina, duka la tangu 1887, lile la leso za chapa ya Mali ya Abdulla, nikasimama mbele ya zile rafu mpaka macho yakanichoka kwa rangi. Bimkubwa nilimchukulia yenye dua. Wifi yangu nilimtafutia ya maneno ya kheri tupu. Leso za mafumbo zilikuwepo nyingi na nzuri, lakini leso ya mafumbo ukimpa wifi umeanzisha vita nyumbani, na mimi wifi yangu nampenda. Yako nimeichagua kwa pindo kwanza, na maneno yake utayasoma mwenyewe.

Kisha biriani. Mamangu alipokuwa akija Mombasa ujanani mwake alikula kwa jamaa tu. Mwanamke kuketi hotelini haikuwa desturi yao, na mpaka leo chakula cha hoteli hukitilia shaka. Mimi naona tumepata jambo kubwa. Hoteli nyingi za upande ule sasa zina sehemu ya familia, juu ghorofani au nyuma ya pazia, unavua nikabu yako, unanawa mikono, unakula kwa nafasi na hapana anayekukodolea macho. Tuliketi dirishani. Biriani ilikuja jinsi ya Mombasa, wali mahali pake na rojo mahali pake, vitunguu vya kukaanga juu, kachumbari, pilipili ya ukwaju, na sharubati ya ndimu yenye barafu. Rojo lilikuwa limepikwa mpaka viazi vimelainika bila kuvunjika, nyama inaachana na mfupa. Tulikaa mpaka alasiri tukizungumza. Binamu yangu ana watoto wanne na kazi ya ushonaji, nami nina yangu. Nyumbani kwake tungekuwa jikoni muda wote, mmoja anakuna nazi mwingine anaosha vyombo. Pale kwa bei ya sahani mbili tulipata kuulizana hali za ndani, zile ambazo katika simu haziulizwi. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie hivi, somo. Tangu tulipoachana sijakaa nawe hivyo.

Usidhani kila hoteli ni ya kuingia. Kuna moja mpya, taa nyingi, muziki juu, binamu alisikia inasifiwa. Chakula kilitufikia kimepoa na wali una maji. Jina lake silitaji. Tangu hapo nimeshika kanuni yangu: naingia pale ninapoona madereva wa tuktuk na wazee wanakula, maana hao wamepajaribu kabla yangu.

Jioni za mwisho za Shaaban Mombasa yote iko nje. Watu wanavunja jungu, kila mtu anakula alichokuwa akikitamani kabla mfungo haujaingia. Makadara Road pale Tarboush tulipata kuku wa tikka na naan zinazotoka tanurini mbele ya macho yako, meza zimejaa mpaka kando ya barabara, watoto wana sosi mpaka masikioni, na moshi wa mishkaki kwa jirani unatuingia nguoni. Viazi karai tulivila tumesimama. Jioni nyingine ikawa ya Laithaus, kule Mama Ngina kando ya bahari. Tangu ile bustani ya Mama Ngina ikarabatiwe na sherehe za Mashujaa za 2019 zikafanyiwa hapo, nafasi za kukaa zimekuwa nyingi, na mibuyu ya kale bado ipo, ashukuriwe Mungu. Tukaketi ukutani na muhogo wa kuchoma uliopasuliwa ukatiwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga, dafu moja kila mtu, tukaitazama meli ikiingia Kilindini karibu kabisa nasi. Wale watoto wanne walihesabu makontena mpaka wakakosana.

Najua utaniuliza mbona nisingoje kumi la mwisho la Ramadhani, nguo mpya za Idi ndipo zinapojaa. Kweli zinajaa, na usiku baada ya tarawehe Biashara Street inameremeta, maduka hayafungi mapema, kina mama na madera, kina baba na kanzu, viatu vya watoto vimetandikwa chini. Usiku mmoja wa kutazama ni raha. Kununua, hapana. Bei imepanda, saizi nzuri zimekwisha, fundi anakuahidi na hatimizi kwa sababu amezidiwa. Na hoteli mchana zimefungwa, kwa hivyo huna mahali pa kuweka mifuko ukapumzika. Shaaban nguo zipo, fundi ana subira, na sahani iko mezani. Nguo za Idi za watoto wa wifi nilizimaliza zote safari hiyo hiyo. Saa hii ninapokuandikia ziko sandukuni, nami kumi la mwisho nitakuwa na ibada yangu na sufuria zangu.

Basi sikiliza nilivyopanga. Mwaka ujao Shaaban omba likizo kazini mapema. Wewe panda treni au basi kutoka Nairobi, mimi nitoke Lamu, tukutane kwa binamu yangu Kibokoni. Amekwisha kukubali, na amesema chumba cha juu ni chetu. Njoo na begi tupu. Mahamri tutakula kila asubuhi, hilo halina mjadala. Biriani tule siku tutakayonunua leso. Laithaus tungoje Jumapili ili tuone watu. Ukitaka kufika Lamu baada ya hapo turudi pamoja, bimkubwa atakupikia mkate wa mofa.

Leso yako imeshapindwa. Nimeifunga pamoja na tende na uzile kidogo, na nimeipa basi la Nairobi. Nimeandika jina lako na nambari yako juu ya mfuko, watakupigia ukachukue. Tende zile mbili zilizofungwa kwa karatasi peke yake ni ajwa, mpe mama mkwe wako. Nijibu upesi ulizionaje, na uniambie likizo yako hukatwa mwezi gani, ili nimpe binamu jibu kabla hajawaahidi wageni wengine chumba.

Ramadhani karim kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Wassalaam.

Ni mimi somo wako