Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Pacha wa Kidijitali wa Afya, Jiji la Mbeya

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Kamati ilikaa vikao 11, mafunzo ya kuunganisha vihisi yalifanyika mara 4, wageni kutoka Iringa na Njombe walipokelewa vizuri. Vihisi 18 vya vumbi, vinavyolisha “pacha” wetu, yaani modeli ya kompyuta ya jiji inayokisia vumbi wanalovuta wakazi, vimefungwa Uyole, Mwanjelwa, Sokomatola, Iyunga, Nzovwe na Isanga. Wanachama tuliosajiliwa ni 64, waliolipa ada ni 23, na mkutano wa robo ya tatu tulihudhuria 9, nikiwemo mimi na mtunza hazina. Kwa hiyo tumekusanya shilingi 690,000 badala ya 1,920,000. Fedha hiyo yote imeishia kwenye vifurushi vya intaneti vya laini 18 na kodi ya seva, na haikutosha. Pengo limezibwa na nani, mtunza hazina anajua.

Sasa niingie kwenye jambo lililojaza kundi letu la WhatsApp tangu Juni (huko mahudhurio huwa mazuri sana): kwa nini mwenyekiti alivishusha vihisi vyote 18 mitaani akavipanga juu ya paa moja kwa wiki sita, ramani yetu ya vumbi ikabaki tupu katikati ya kipupwe. Imesemwa nimeua mradi. Imesemwa pia sikushirikisha mtu, ingawa ajenda ilitumwa siku 10 kabla ya kikao ambacho wengi hamkufika.

Kihisi chetu hakipimi uzito wa vumbi. Feni ndogo huvuta hewa ndani, leza huimulika, na kipokea mwanga husoma mwanga unaotawanywa na chembe. Uzito unaoonekana kwenye ramani ni makisio tu ya programu iliyomo ndani yake. Ukungu wa Uyole ukitanda asubuhi, chembe za moshi hunyonya maji na kuvimba, na kihisi huzihesabu kama vumbi zito. Mtengenezaji wa SDS011, aina ya kihisi tunayotumia, mwenyewe ameweka kikomo cha unyevu kuwa asilimia 70. Nani hapa ameona asubuhi ya Machi jijini kwetu ikiwa chini ya hapo?

Mwenzetu mmoja alitaka tunakili kanuni ya wakala wa mazingira wa Marekani ya kusahihisha vihisi vya PurpleAir, chapa nyingine: zidisha usomaji kwa 0.524, toa 0.0862 mara asilimia ya unyevu, kisha jumlisha 5.75. Fanyeni hesabu. Usomaji wa mikrogramu 60 kwa mita ya ujazo, unyevu ukiwa asilimia 90, unashuka hadi kama 29. Yaani zaidi ya nusu ya namba ile ilikuwa hewa. Lakini kanuni hiyo ilitengenezwa kwa hewa ya kwao na kwa kihisi kisicho chetu. Moshi wa mkaa wa Mwanjelwa na dizeli ya malori ya barabara ya Zambia vina chembe zake, na kanuni yetu tulilazimika kuitafuta wenyewe.

Njia ya kuitafuta ni hiyo mliyoilalamikia. Vihisi vyote hukaa ndani ya mita chache, midomo ikitazama chini, mbali na jiko na bomba lolote la moshi, saa zao zikiwa zimelinganishwa, pembeni ya mashine rejea tuliyoazimwa, ambayo vipimo vyake vinaaminika. Wastani wa kila saa wa kila kihisi hulinganishwa na wa mashine, na saa ambayo data yake haifiki asilimia 75 hutupwa. Wiki mbili zingetosha kujua kihisi kipi kimepotoka. Hazitoshi kupata asubuhi za ukungu, mchana mkavu wenye upepo, na usiku ule wa kipupwe ambapo hewa baridi hulala bondeni chini ya Loleza na moshi ukashindwa kupanda. Kusahihisha kihisi kwenye hewa safi ya masika kisha kukitegemea Juni ni sawa na kupima mizani kwa kilo moja halafu ukapimia gunia.

Tulichokikuta kule juu: vihisi 3 vimezibwa na utando wa buibui, 2 leza imechoka. Leza ya SDS011 hudumu kama saa 8,000. Ikiwaka mfululizo ni siku 333 tu. Sasa tunaiamsha dakika 1 katika kila 5, sekunde 30 za mwanzo hatuzisomi ili feni itulie, na kwa mpango huo itafika miaka minne na nusu. Agizo hilo lilikuwa langu, nalo halikupongezwa kwenye kundi.

Kasoro moja haijatibika. Vihisi hivi huona moshi vizuri lakini vumbi nene la barabara ya udongo huviponyoka, hivyo Isanga mwezi Septemba inaweza kuonekana safi kwenye ramani huku madirisha ya watu yamekuwa mekundu.

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu namba hizo ndizo zinazoilisha modeli. Modeli yetu ina wakazi wa kubuni waliotengenezwa kwa hesabu za sensa ya 2022: kaya, umri, saa za kuwa nyumbani, sokoni, shuleni. Kila mmoja hupewa kiasi cha vumbi mara muda aliokaa nalo. Usomaji ukizidi mara mbili, mtoto wa kubuni wa Uyole anavuta vumbi mara mbili ya yule halisi, na zahanati inashauriwa kujiandaa kwa wagonjwa wasiokuwepo.

Upande wa wagonjwa nao una mtego. Takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za vituo vya afya, hufika kwa mwezi, vihisi husoma kila dakika 5. Mwezi mmoja haukuonyeshi kikohozi kilianza siku ya moshi au wiki baadaye. Tena hospitali kubwa za jiji hupokea wagonjwa wa Chunya, Rungwe na Mbozi. Ukiwapachika wote Mbeya mjini, umeichafua hewa ya jiji kwa ugonjwa wa shamba.

Ndiyo maana pia kamati ilikataa ombi la kuwavisha watu saa za kupima mapigo ya moyo na kuwaonyesha mmoja mmoja kwenye ramani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kundi lenye watu chini ya 20 halionyeshwi, na halitaonyeshwa nikiwa kwenye kiti hiki.

Na jina. Mnaandika “pacha” kwenye kila andiko la kuomba fedha. Kwa sasa tulichonacho ni kivuli: data inatoka mjini kwenda kwenye modeli, hakuna kinachorudi mjini kubadilisha lolote. Kiwe pacha siku ambayo matokeo yake yatabadilisha ratiba ya dawa au ya kunyunyizia maji barabara bila mtu kupiga simu.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutaweka vihisi vichache majikoni, maana kilichofungwa kwenye nguzo hakimwoni mama anayepika kwa mkaa mlango ukiwa umefungwa. Idadi yake itategemea ada. Wadaiwa 41 majina yenu anayo mtunza hazina, sijayabandika, bado.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti