Sumaku za vigae vya watoto zifungwe ndani ya mbao, zisibandikwe kwa gundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie maelekezo mliyoyatoa wiki iliyopita katika ukurasa wa familia, ya namna mzazi anavyoweza kuwatengenezea watoto vigae vya sumaku vya kujengea badala ya kununua vya dukani. Wazo lenyewe naliunga mkono, kwani mimi ni fundi seremala na vigae hivyo nimewatengenezea wajukuu wangu. Lakini lile agizo la kuchukua kadibodi ngumu na kubandika sumaku ndogo kwenye kingo zake kwa gundi ya kuyeyushwa ni la hatari, na naamini mwandishi wenu asingeliandika kama angejua sumaku hizo ni kitu gani.

Sumaku tulizozizoea sisi wazee ni zile nyeusi za nyuma ya spika ya redio, ambazo ni kubwa na nguvu yake ni ya kiasi. Hizi ndogo zinazong'aa kama sarafu mpya ni za neodimiamu, aina iliyobuniwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na iliyo na ukubwa wa kidonge tu huweza kunyanyua chuma chenye uzito mara mamia ya uzito wake. Mtoto akimeza moja, mara nyingi hupita na kutoka yenyewe. Akimeza mbili kwa nyakati tofauti, au moja pamoja na kipande cha chuma, hutafutana zikiwa katika mikunjo miwili ya utumbo na kuzibana kuta zake katikati, damu ikakosa kupita, nyama ikafa na utumbo ukatoboka. Dalili zake ni tumbo kuuma, kutapika na homa, yaani mambo ambayo mzazi wa kwetu atayaita malaria au minyoo na kupoteza siku mbili nzima akitoa dawa. Hata kwenye picha ya eksirei, sumaku mbili zilizoshikana huweza kuonekana kama moja, ndiyo maana anayempeleka mtoto hospitali anapaswa kwenda mara moja na kumweleza daktari ni ngapi zilizopotea.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2006, nchini Marekani, seti zipatazo milioni 3.8 za mchezo wa kujengea ulioitwa Magnetix zilirudishwa kutoka sokoni baada ya mtoto mdogo kufariki na wengine kufanyiwa upasuaji, kwa sababu sumaku zilikuwa zinachomoka kwenye vipande vya plastiki. Huo ulikuwa mchezo wa kiwandani. Sijui tunatarajia nini kwenye kadibodi iliyobandikwa juu ya meza ya chakula.

Nami nilikosea kabla ya kujifunza. Vigae vyangu vya kwanza nilivichonga kwa mbao ya paini, nikatoboa matundu pembeni na kuzididimiza sumaku humo kwa gundi kali ya papo hapo, nikajisifu kwamba kazi imetoka safi. Haikupita wiki, mjukuu wangu wa pili akakiangusha kigae kimoja kwenye sakafu ya saruji, na bibi yake alipokiokota akakuta matundu matatu yako wazi. Tulihamisha makochi, tukafagia, kisha nikafunga sumaku kubwa ya spika kwenye kamba nikawa naiburuta sakafuni chumba hadi chumba kama mvuvi. Moja ilinasa hapo. Mbili tulizikuta jioni zimeganda kwenye nondo ya dirisha, juu kidogo ya kimo cha mtoto wa miaka miwili. Usiku ule vigae vyote nilivivunja.

Niliporudi karakana nilibadili mpango mzima. Sasa kigae changu kina tabaka tatu. La kati ni mbao ya paini yenye unene wa milimita 10, iliyokatwa mraba wa sentimita 8 na ziada kidogo. Natoboa matundu ya milimita 9 kutoka juu, si kutoka pembeni, mawili kila upande, kila tundu likiwa sentimita 2 kutoka kwenye pembe, kisha napiga randa kwenye ukingo hadi ukuta wa mbao uliobaki mbele ya tundu uwe na unene wa milimita moja hivi. Sumaku ya duara yenye kipenyo cha milimita 8 na unene wa milimita 3 naisimamisha ndani ya tundu bila gundi yoyote, halafu nafunika juu na chini kwa plaiwudi ya milimita 3 iliyopakwa gundi nyeupe ya mbao na kubanwa usiku kucha. Hapo hata kama ukingo utachubuka, sumaku imezungukwa na mbao pande zote, na ili itoke inabidi kigae chenyewe kipasuke.

Kuiacha sumaku ilegee ndani ya chumba chake kuna faida nyingine, ambayo nakiri niliigundua kwa uvivu wa kutotaka kukagua ncha moja moja. Ukizigandisha, ncha ya kaskazini ya kigae kimoja ikikutana na kaskazini ya kingine husukumana, na mtoto hulia kwamba kigae kimeharibika. Ikiwa huru, hujigeuza yenyewe mpaka kaskazini ikutane na kusini, hata kigae kikipinduliwa. Husikika kaka-kaka ndogo ndani, na watoto wanaipenda hiyo kuliko jengo lenyewe.

Kabla ya kumpa mtoto, kila kigae nakidondosha sakafuni mara kumi kutoka usawa wa kifua changu, na kikionyesha ufa wowote nakiondoa. Kazi hiyo narudia kila mwezi kwa jicho na kucha.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, ambaye kila kitu hukipeleka mdomoni, simpi kabisa kitu chenye neodimiamu. Yeye namkatia maumbo makubwa ya mbao na nyuma yake nabandika ukanda mrefu wa sumaku laini unaopatikana ndani ya mpira wa mlango wa friji bovu. Havisimami kuwa nyumba, ila vinakaa vizuri kwenye geti la chuma, na asubuhi nzima anapanga samaki na mitumbwi hapo. Sinia la aluminiamu halifai, kwa kuwa halivutwi na sumaku.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba masahihisho yachapwe katika ukurasa uleule wa familia na kwa herufi za ukubwa uleule, kabla watoto hawajafunga shule mwezi Desemba, na aliyekwisha kutengeneza kwa kufuata maelekezo yenu aambiwe avikusanye vigae leo na azihesabu sumaku zake.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam