Ukame wa Kotido uliotengenezwa mezani: barua kwa vijana wa uchumi wa tabianchi

Wanangu watafiti, mlioko Makerere, Kyambogo, Gulu, Mbarara na kwingineko,

Salamu zenu nimezipokea. Leo naandika nikiwa nimeudhika, na afadhali niseme kabla sijapoa.

Tangu Desemba 2025 kuna neno linazunguka kwenye makundi yenu ya WhatsApp na kwenye korido: "Waliofungua data zao wameumbuka, heri sisi tufunge." Mnaisema ile makala ya watafiti wa Potsdam, Ujerumani, iliyotoka kwenye jarida la Nature Aprili 2024. Ilikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yatapunguza mapato ya dunia kwa asilimia 19 ndani ya miaka 26, na kwamba hewa ya ukaa ikiendelea kumwagwa, hasara ya mwaka 2100 itafika kama asilimia 62. NGFS, mtandao wa benki kuu duniani, ukaitumia kwenye mahesabu yake. Agosti 2025 watafiti wengine wakaonyesha kwamba takwimu za nchi moja tu, Uzbekistan, zilikuwa na kasoro. Ukiitoa Uzbekistan, ile 62 inashuka hadi 23. Desemba waandishi wenyewe wakaiondoa makala.

Mmeokota ganda la kisa hiki mkaacha kiini. Kosa la Uzbekistan lilionekana kwa sababu data na msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yaliyofanya hesabu, vilikuwa wazi. Mtu aliweza kuvipakua, akatoa nchi moja moja, akaendesha hesabu upya na kuona ni ipi inayotikisa nyumba nzima. Vingefungiwa, 62 ingekuwa inanukuliwa hadi leo. Ninyi mnaofunga, nani atajua Uzbekistan yenu iko wapi?

Mimi najua pa kuanza kuitafuta. Hapa Uganda inakaa kwenye mipaka ya wilaya.

Sensa ya 2002 ilihesabu wilaya 56. Ya 2014 ilikuta 112. Ya 2024 ilikuta 146, ukijumlisha na majiji. Kila aliyefuatilia siasa zetu anajua wilaya hapa huzaliwa kama uyoga baada ya mvua. Sasa chukueni Kotido. Mwaka 2002 Kotido ilikuwa kaskazini yote ya Karamoja, eneo kame la kaskazini mashariki mwa nchi. Kaabong ikamegwa mwaka 2005, Abim 2006, na Karenga ikamegwa kutoka Kaabong mwaka 2019. Abim ndiko mvua inakonyesha vizuri kuliko Kotido iliyobaki. Mtafiti anachukua mvua ya CHIRPS, makadirio yanayotokana na satelaiti, anapiga wastani kwa jina "Kotido", miaka ya mwanzo kwa ramani ya zamani, miaka ya mwisho kwa ramani mpya. Mvua inashuka ghafla baada ya 2006. Hakuna wingu lililosogea. Bunge ndilo lililosogeza mpaka. Rigresheni, ile hesabu ya kutafuta uhusiano kati ya vitu, haina habari na Bunge. Inauona ukame, inaufunga pamoja na mavuno, nyota tatu za kuonyesha matokeo yana nguvu kitakwimu zinawaka kwenye jedwali, na sisi tunapiga makofi.

Kwenye makala mambo haya yote hupewa sentensi moja: "Wilaya zimeoanishwa katika kipindi chote," yaani mipaka ya zamani na mipya imelinganishwa. Zimeoanishwa vipi? Kwa mkono, kwenye Excel, usiku wa manane, na faili limebaki kwenye flash disk iliyokwisha kuliwa na virusi vya kompyuta za kuchapia pale Wandegeya. Halafu chini kabisa: "Data zinapatikana kwa maombi." Maombi ya nani? Barua pepe ya mwandishi ilikufa siku alipomaliza shahada!

Faili hilo la kuoanisha ndilo utafiti wenyewe. Litengenezeni hivi. Safu wima sita: msimbo wa wilaya ya sasa, jina lake, msimbo wa wilaya mama ya 2002, mwaka wa kumegwa, sehemu ya eneo iliyotoka kwa mama huyo, na chanzo cha taarifa. Wilaya yenye mama wawili ipate mistari miwili, na sehemu zake zijumlike kuwa 1. Andikeni mstari wa msimbo unaokagua jumla hiyo na kusimamisha programu isipotimia. Kisha kusanyeni kila kitu kurudi kwenye zile 56. Msijaribu kugawa takwimu ya wilaya ya zamani kwa wilaya mpya, maana hapo mnatunga. Ramani iwe moja kwa miaka yote, na iandikwe ni ya mwaka gani. Semeni pia wastani umepimwa kwa eneo, kwa watu au kwa mashamba. Karamoja yenye mapori makubwa hutoa majibu matatu tofauti. Hifadhini kama CSV, faili la maandishi matupu, na msilifungulie Excel, kwa sababu Excel hula sifuri zinazotangulia kwenye misimbo na haiombi ruhusa.

Ndugu yake jedwali hili ni jedwali la vipimo. Utafiti wa kaya wa UBOS, shirika la takwimu la Uganda, ule UNPS ulioanza 2009/10, huandika mavuno kama mkulima alivyoyataja: gunia, debe, beseni, tumpeko (kikombe cha kupimia), fungu, mkungu wa matoke. Mkungu una kilo ngapi? Uliyeamua ni wewe, kwa hiyo namba uliyoamua iwe kwenye faili, si kichwani. Na eka 1 ni hekta 0.405. Aliyezichanganya amekuza au amepunguza mavuno karibu mara mbili na nusu, na hataonekana kama msimbo umefungiwa.

Kosa jingine nitalionyesha kwa hesabu. CHIRPS huandika -9999 pasipo na kipimo. Tuseme wilaya ina pikseli 100, yaani viraba vya ramani, 99 zina milimita 120 za mvua, moja ina -9999 ambayo hukuitangaza kuwa ni pengo. Wastani unakuwa milimita 18.81. Umeangusha mvua ya mwezi mzuri ikawa ya kiangazi, na namba inapita machoni kwa sababu bado ni chanya. ERA5, data za hali ya hewa kutoka Ulaya, nayo hutoa joto kwa Kelvin na mvua kwa mita. Kwenye faili za wastani wa mwezi ni mita kwa siku, kwa hiyo usipozidisha kwa idadi ya siku za mwezi umepata mwezi wa siku moja. Kila ubadilishaji wa namna hii uwe na mstari wake kwenye msimbo na neno moja la maelezo pembeni.

Msimu nao ni uamuzi. Kusini tunapanda mara mbili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Karamoja ina msimu mmoja mrefu. Anayejumlisha Januari hadi Desemba kwa nchi nzima amepika matoke na mtama kwenye sufuria moja.

Mengine nayataja tu, mnayajua ila hamyafanyi. Folda ya data ghafi isiguswe na mkono. Faili moja liendeshe kazi yote kuanzia mwanzo hadi majedwali. Pasiwe na njia inayoanza na C:\Users na jina lako. Mbegu ya bahati nasibu, namba inayoanzisha uchaguzi wa nasibu, iandikwe, pamoja na toleo la programu: R, programu ya takwimu, ilipofika 3.6.0 ilibadilisha namna ya kuchagua sampuli, mbegu ile ile ikatoa majibu mengine; na pakiti zake za ramani, rgdal, rgeos na maptools, zilistaafishwa Oktoba 2023, hivyo msimbo wa 2019 uliozitumia leo haufunguki mpaka uhamishiwe kwenye pakiti mpya za sf au terra. Leseni iwepo, MIT kwa msimbo na CC BY 4.0 kwa data zenu wenyewe. Pasipo leseni hakuna aliyeruhusiwa kutumia chochote. GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, ni pa kufanyia kazi tu, na hukataa faili linalozidi megabaiti 100. Kazi ikitulia, toleo lake lipelekwe Zenodo, hifadhi ya wazi ya kazi za utafiti, hupokea hadi gigabaiti 50 bila malipo na kukupa DOI, kitambulisho cha kudumu cha kunukuliwa. CHIRPS nzima msiipandishe. Wekeni msimbo unaoipakua, toleo lake na tarehe, pamoja na faili mlilokwisha kufinya: wilaya 56, miezi 12, miaka 43 kuanzia 1981 hadi 2023, ni mistari 28,896. Faili kama hilo linapita kwa bando ya mwanafunzi.

Mkimaliza, mpeni mwenzenu mwenye kompyuta nyingine. Mwacheni na README, faili la maelekezo, kwa saa mbili, nanyi mdomo mfunge. Kila swali atakalouliza ni mstari unaokosekana.

Yapo yasiyofunguliwa, na hapa nawatetea. Data za UNPS ukizipata kwa kujisajili huna ruhusa ya kuzigawa. Toa msimbo wako na maelekezo ya mahali pa kuziombea. Sehemu halisi ya nyumba ya mtu usiitoe kamwe. Viwianishi vya hadharani vya UNPS husogezwa makusudi, vijijini hadi kilomita 5 na vichache hadi 10, wakati pikseli ya CHIRPS ni kama kilomita 5.5. Basi chukueni wastani wa pikseli zinazozunguka, msijidai mnajua shamba. Fomu ya ridhaa mnayopeleka UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, iseme mapema kwamba data zisizo na majina zitashirikishwa. Ukisahau pale mwanzo, hurudi tena kwa mama yule wa Napak, kule Karamoja, kumwomba.

Lakini Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 inamlinda mtu. Mvua ya wilaya si mtu. Nawaona wakubwa zenu wakiikinga sheria hiyo mbele ya kabati la faili kama ngao, wakati nchi ina Sheria ya Kupata Taarifa tangu 2005. Na hapo hasira yangu inahama kwenu inakwenda kwao. Msimamizi anayekalia data za mwanafunzi mpaka azimalize mwenyewe. Kamati ya kupandisha vyeo inayohesabu makala na kulipuuza jedwali ambalo watu hamsini wangelitumia. Ripoti ya mshauri iliyolipwa kwa kodi, ikakabidhiwa kama PDF ya picha, majedwali yake hayanakiliki. Mgeni anakuja na ruzuku, kijana wetu anatembea Karamoja akipima mavuno, na jina lake linaishia kwenye shukrani. Wanangu, kwa huyu wa mwisho dawa mnayo: jedwali likiwa na DOI yenye majina yenu kabla makala haijaandikwa, atawataja kwa sababu atalazimika kulinukuu.

Najua mnaogopa kuibiwa wazo, na mnaogopa zaidi kuchekwa kwa msimbo mbaya. Msimbo wa kila mtu ni mbaya. Wekeni hivyo hivyo.

Jedwali la wilaya halihitaji ruzuku ya mtu. Maamuzi ya Bunge ya kuunda wilaya yapo, ramani za sensa zipo, na wawili wenye subira wanatosha. Anzeni na Kotido, Kaabong, Abim na Karenga, mistari minne tu, mkiipandisha nipelekeeni kiungo.

Ni mimi mzee wenu, Kampala.