Barua kwa mwanangu aliye Berlin

Mwanangu,

Sisi wazima, ila mama yako na miguu yake. Tangu uliposema kwamba tarehe 9 Novemba utasimama mtaa wa Brunnenstraße kuwaeleza wanafunzi habari za yule mzee wetu Mohamed Husen, aliyefia kambini mwa Wanazi, sijatulia. Sikukatazi. Nauliza tu: mtamaliza saa ngapi, na utarudi na nani? Mwezi huo jua la huko linazama saa kumi na kitu. Taarifa za habari tunaziona, na wewe mgeni unajulikana kabla hujafungua mdomo.

Picha ya jiwe lake la kumbukumbu, hilo wanaloliita Stolperstein, niliipata. Nilidhani ni kubwa, kumbe kibao cha shaba cha sentimita 10 kwa 10, kimechimbiwa njiani watu wanapopita. Jina la Mohamed kukanyagwa na viatu! Lilinichoma, na usinicheke. Hata Charlotte Knobloch, mkuu wa Wayahudi wa Munich, aliyapinga mawe hayo kwa hoja hiyo hiyo, na mji wake hauyaruhusu kwenye njia zake. Lakini uliposema majirani wenyewe huchanga hela yawekwe, kisha hupiga magoti na kitambaa kuyasugua, nililegea. Ila wewe ukipiga magoti, kuwe na mtu amesimama nyuma yako.

Na usianze na Husen. Usiku ule wa 9 Novemba 1938 Wanazi walipowavamia Wayahudi, msiba ulikuwa wao: masinagogi yakachomwa, maduka yakavunjwa, wanaume wapatao 30,000 wakasombwa kambini, wengi wa Berlin wakapelekwa kambi ya Sachsenhausen, nje kidogo ya mji. Mawe yale yamepita 100,000 Ulaya nzima, na mengi ni yao. Ukitanguliza wetu, utaonekana umekuja kunyang'anya watu matanga yao.

Halafu ndiyo useme: alizaliwa hapa Dar es Salaam 1904. Akawapigania Wajerumani Vita vya Kwanza vya Dunia angali mtoto. Mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mshahara wa uaskari, wake na wa marehemu baba yake, wakamnyima. Akahudumia wateja mezani, akacheza filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa huko huko. Mwaka 1941 Wanazi wakamkamata kwa kuwa yeye, mtu mweusi, alikuwa na uhusiano na mwanamke mwingine wa Kijerumani, wakamtia Sachsenhausen bila kesi, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944. Wanafunzi waache hapo wakae nayo kidogo, usiwahi kuwahubiria. Watoto hawapendi, na wewe ukishaanza kuhubiri hunyamazi, hilo umerithi kwa mama yako.

Sasa sikiliza. Mtu yule alikuwa na kazi, na mke, na Kijerumani anakisema. Kwa hiyo usinirudie tena na lile neno lako la "Baba, mtaani hapa wananijua." Naye walimjua. Waambie wenzako wakufikishe mlangoni, siyo kituoni.

Kijiweni nimewatangazia mpaka wamenichoka: binti yangu anawafundisha Wajerumani historia yao! Mwalimu wa jirani ameomba ile picha aipeleke darasani, maana hapa alipozaliwa huyu bwana, hata mimi mwenyewe mara ya kwanza nimemsikia kwako. Lakini mtu anayekumbuka wafu kiasi hicho, walio hai anawapigia simu mara moja kwa mwezi?

Hela tumeipata, simtanki limenunuliwa. Fundi anasema ule mnara wa zamani hautalibeba, anataka nondo na simenti, na bei yake anaijua yeye. Mdogo wako viatu vimembana tena, usimtumie vya bei. Halafu jirani wa upande wa mwembe ameanza kuchimba msingi wa ukuta na nahisi ameingia kwetu. Nataka kwenda na hati serikali ya mtaa Jumatatu, ila hati imo kwenye sanduku lako la bati na ufunguo hatuuoni. Umeondoka nao, au umeuweka wapi? Nijibu kabla sijaita fundi avunje kufuli.

Ni mimi,
Baba yako